Rimu nne za mbweha: shajara ya Benzi ya mjomba

Jumamosi, 8 Juni 2024

Masika imekata. Jana jua liliwaka kutwa nzima na ua umekauka, kwa hiyo leo nimelitoa gari la mjomba chini ya mwembe na kulipandisha kwenye mawe.

Ni Mercedes 240D ya mwaka 1983, ya ukoo wa W123, gari ambalo Wajerumani walilizindua mwaka 1976 na kuacha kulitengeneza Januari 1986, baada ya kutoa karibu milioni 2.7. Hapa Tanga mtu mzima gani hajawahi kupanda moja, iwe ya serikali, ya harusi au ya msiba? Injini haimo katika shajara hii. Inawaka asubuhi, inatoa moshi kidogo, inakwenda. Kinachonikera ni rimu.

Rimu zenyewe ni za alumini, na ni za kufuliwa, si za kumimina. Rimu ya kumimina hutengenezwa kwa kuyeyusha alumini na kuimwaga kwenye umbo. Ya kufuliwa hutokana na donge gumu la alumini linalogandamizwa kwa mashinikizo makubwa hadi likubali sura. Chembe za madini hulala pamoja, rimu inakuwa ngumu na nyepesi. Kwa nyuma kuna mhuri wa kiwanda cha Fuchs cha Meinerzhagen, Ujerumani, hao hao waliozitengeneza rimu mashuhuri za Porsche 911. Fuchs kwa Kijerumani ni mbweha. Wajerumani huziita hizi rimu za Benzi "Barock". Wamarekani wakaona zinafanana na chombo cha kuokea keki, wakazibatiza jina la keki yao.

Shangazi, mjane wa mjomba, alipokuja kuangalia kelele za jeki alisema hizi si rimu, ni vyombo vya mkate wa kumimina. Nikamwambia, "Shangazi, hizi hazikumiminwa, zimefuliwa."

"Zimefuliwa lini, mbona chafu hivi?"

Sikuwa na jibu. Nikachukua ndoo na sabuni.

Jumapili, 9 Juni

Leo ni siku ya sensa. Nimezioshea rimu zote nne kwenye kivuli, nje na ndani, kwa maji ya sabuni na brashi laini. Uchafu wa breki upande wa ndani ulikuwa umeganda kama lami, nikaulainisha kwa mafuta ya taa kidogo na kijiti cha mti. Brashi ya waya sikuigusa, na sababu itaonekana hapo chini.

Nimeziandika namba kwa chaki: 1 na 2 za mbele, 3 na 4 za nyuma. Kisha nikakaa na daftari. Kila alama nimeipitishia kucha. Kucha ikipita bila kukwama, hilo ni la rangi tu. Ikikwama, ni la madini. Zilizokwama nimezipima kwa rula na kuzichorea mahali pake, nikitumia tundu la vali kama namba 12 kwenye uso wa saa.

Jumla: alama 31.

Nilitarajia kulaumu barabara. Kingo za zege za mitaa ya Ngamiani ninazijua. Ukiegesha pembeni bila kuangalia kioo, zinakula mdomo wa rimu kama panya. Kweli zipo alama tisa za aina hiyo: mikwaruzo mifupi kwenye mdomo wa nje, yote imelala upande mmoja wa mzunguko, yote upande wa kushoto wa gari. Mjomba alikuwa akiegesha kushoto kama watu wote.

Zilizobaki 22 si za barabara. Kumi na moja ni vidonda vya mtaimbo, vingi vimepangika viwili viwili karibu na vali, pale fundi wa tairi anapopenda kuanzia. Sita ziko chini ya vile vipande vya risasi vya kubalansia vinavyogongwa kwa nyundo kwenye mdomo. Kile kibanio chao ni cha chuma, na chuma kikikaa juu ya alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Tunakaa mwendo wa dakika kumi kutoka ufukwe wa Raskazone, upepo wenyewe una chumvi. Nne ni mistari ya brashi ya waya, duara kwa duara, ya mtu aliyetaka rimu ing'ae. Moja, kwenye rimu namba 3, ni kijibonge cha bodi fila, ule ujazo wa kuzibia mabonde ya bodi ya gari, kama sentimeta moja na nusu, kimepakwa rangi ya fedha juu.

Yaani theluthi mbili na zaidi ya uharibifu ni kazi ya watu waliokuwa wanazihudumia. Nimeandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwa herufi kubwa, kwa sababu kuanzia Jumamosi ijayo mtu anayezihudumia ni mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Kuvua tairi. Nilimwomba fundi wa tairi anipe dakika tano nimweleze kabla ya kuanza, akanisikiliza kwa uso wa mtu anayesikiliza mgonjwa. Nilikuja na mabomba ya plastiki yaliyopasuliwa kwa urefu, tukayavisha mdomo wa rimu, mtaimbo ukawa unaegemea plastiki. Akakubali kwamba wazo si baya. Risasi zote nimezitoa mwenyewe kwa koleo, polepole.

Nyuma ya rimu sasa maandishi yanasomeka: 6J x 14 H2, ET 30. Sita ni upana kwa inchi, J ni umbo la ukingo unaoshika tairi, 14 ni kipenyo. H2 ni vile vinundu viwili vinavyozunguka ndani, vinavyozuia tairi isiteleze kuelekea katikati ukikata kona. ET 30 maana yake uso unaobana kwenye habu, kile kitovu ambacho rimu hufungwa, umesogea milimita 30 kutoka mstari wa katikati ya rimu. Nimeyanakili, yatanifaa.

Kisha kipimo cha unyoofu. Nimezifunga rimu tupu kwenye gari, nikapigilia msumari kwenye kipande cha mbao na kukiweka chini, ncha ya msumari ikiwa milimita moja kutoka kwenye mdomo, nikazungusha kwa mkono. Namba 1, 2 na 4: nafasi haibadiliki kwa jicho. Namba 3: msumari uligusa mara moja kwa kila mzunguko, karibu na lile bonge la fila. Kidogo sana. Nimelala nikilifikiria.

Wiki ya Idi

Hakuna kazi. Pilau.

Jumamosi, 22 Juni

Leo nimefanya kosa.

Rangi ya zamani lazima itoke, kwa sababu chini yake kuna kutu nyeupe ya alumini inayotambaa kama njia za mchwa. Chumvi hupenya pale klia, ile rangi angavu ya juu, ilipokatika, halafu inachimba pembeni, chini ya rangi, katika mistari membamba iliyopindapinda. Ukipaka rangi mpya juu ya mistari ile, miezi sita baadaye inatokea tena. Mtu mmoja wa rangi, ambaye jina lake linabaki kwangu, aliniambia nisihangaike: kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, ivuruge kwenye maji, paka, rangi yote inavuka kama ngozi ya nyoka. Alikuwa anasema kweli. Kwa chuma.

Namshukuru Mungu nilianza na mgongo wa rimu namba 4, mahali pasipoonekana. Nilivaa glavu na miwani. Nikapaka kwa brashi. Rangi ilianza kuvimba, nikafurahi. Halafu maji yakaanza kuchemka, mapovu, sauti ya kukaanga, na rimu ikapata moto mkononi. Nikavuta bomba la maji na kumwagilia bila kukoma. Jumla labda dakika tatu. Palipobaki ni weusi kama masizi na uso mkwaruzo kama jiwe la kusugulia miguu.

Kostiki na alumini haviwekani chombo kimoja. Kostiki huvunja ile ngozi nyembamba ya oksidi inayoilinda alumini, kisha inaila alumini yenyewe na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Weusi ule ni madini mengine yaliyochanganywa kwenye alumini, ambayo kostiki haikuweza kuyala, yakabaki juu kama makapi. Nimesuuza, nikapangusa kwa siki ili kuua kilichobaki, nikasuuza tena. Shangazi alisikia harufu ya siki akauliza kama napika achari.

Alama ya 32, basi. Upana kama kiganja. Chanzo: mimi. Nimeiandika.

Baada ya hapo nilifanya kilichotakiwa tangu mwanzo: kiondoa rangi cha jeli kutoka duka la vifaa vya ujenzi, kile kinachoandikwa kwenye kopo kwamba kinafaa kwa alumini. Unapaka kinene, unafunika kwa mfuko wa plastiki kisikauke, unangoja nusu saa, unakwangua kwa kipande cha plastiki. Ni polepole na kinanuka, ila hakichemki.

Jumamosi, 29 Juni

Rimu namba 3. Nilijua tu.

Rangi ilipotoka, bonge la fila likabaki peke yake, rangi ya waridi iliyofifia. Nikalichokonoa kwa ncha ya kisu, likaruka lote kwa mara moja, maana lilipakwa juu ya uchafu. Chini yake hakuna shimo. Kuna mstari wa kuchomelea wenye urefu wa sentimeta nne hivi, umepita kutoka mdomo wa nje kuelekea ndani, umesagwa kwa grinda ukalingana na uso.

Mtu alishapasua rimu hii, mtu mwingine akaichomelea, wa tatu akaficha. Na mjomba akasafiri nayo hadi Dodoma na kurudi, na familia ndani.

Nimeipeleka kwa mzee mmoja anayechomelea kwa gesi ya argoni, mtu ambaye namwamini kwa sababu amewahi kunikatalia kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete."

Aliigeuzageuza, akaipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba. "Huyu anajua kuchoma," akasema, "lakini hajui rimu." Mshono wenyewe, kwa maelezo yake, ni mzuri. Tatizo liko pembeni ya mshono. Rimu ya kufuliwa hupata ugumu wake kwa moto wa vipimo: inapashwa, inapozwa ghafla, halafu inapashwa tena kwa joto la chini kwa saa kadhaa. Ukija baadaye na moto wa kuchomelea, pale jirani na mshono ugumu ule unafutika, na huwezi kuuona kwa macho wala kuurudisha kwa kutwanga. Inabaki alumini laini imezungukwa na alumini ngumu. Kwa mdomo wa rimu unaopigwa na kila shimo la barabarani, hiyo si nzuri.

Nikamuuliza, je, kama spea tu? Akaniangalia. "Spea unaifunga siku ipi? Siku uko mbali na nyumbani, gari imejaa."

Basi. Namba 3 imestaafu. Kwa sababu hiyo hiyo nimeachana na wazo la kuzipeleka nyingine zikapakwe rangi ya unga na kuokwa tanurini. Ile rangi huokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200, ambalo liko karibu mno na joto alilotumia mfuaji kuzipa ugumu. Wapo wanaofanya na wakaishi salama. Mimi nimeshaona mshono mmoja, nimetosheka.

Alhamisi, 4 Julai

Dar es Salaam, Gerezani. Nimeingia asubuhi kwa basi, nimetoka saa kumi jioni na rimu moja begani.

Gerezani, mtaa wa spea za magari, ukitaja kitu, mtu anakitoa. Ukitaja kitu sawasawa, watu wanakuangalia vizuri zaidi. Dogo wa kwanza alinipa rimu ya mbweha safi kabisa, bei nafuu, nikaigeuza: 6½J. Hiyo ni ya S-Class ya enzi hizo. Inaingia kwenye bolti, inafanana kama pacha, lakini ina nusu inchi zaidi ya upana, na mimi sitaki gari lenye mguu mmoja mnene. Wa pili alikuwa na 6J yenye matundu ya bolti yaliyopanuka na kuwa mayai, ishara kwamba iliwahi kukimbia bolti zikiwa legevu. Wa tatu alisema subiri, akapotea dakika arobaini, akarudi na hii: 6J x 14 H2, ET 30, rangi nyeusi ya kiwi ya viatu sijui ni ya nani, mikwaruzo mitano ya ukingo wa barabara, hakuna fila. Nimeikwangua palepale kwa sarafu kuhakikisha. Nikaipiga kwa kifundo cha kidole, ikalia kama kengele.

Bei siitaji, mama watoto anasoma daftari hili. Niseme tu kwamba rimu imefuliwa na mwenye rimu amefulia.

Jumamosi, 6 Julai

Msasa. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wengi wanapopachoka wakarukia rangi.

Mikwaruzo ya ukingo wa barabara kwenye mdomo ina sehemu mbili: bonde, na matuta pembeni yake pale madini yaliposukumwa. Matuta huyatoa kwanza kwa faili laini, mikono miwili, ukifuata mviringo, bila kuigusa sehemu nzima. Ukifanya hivyo nusu ya kovu imeshapotea kabla hujapaka chochote, kwa sababu jicho huona kivuli cha tuta kuliko bonde lenyewe. Halafu msasa namba 180 uliokunjwa kwenye kipande cha ndala ya zamani. Ndala ni bora kuliko kipande cha mbao, inajipinda na mdomo wa rimu na haiachi ubapa. Kisha 240, kisha 320. Kila namba unasugua kwa kuikata mistari ya namba iliyotangulia. Mistari ya zamani ikiisha, unahamia.

Mabonde yaliyopungua kina cha nusu milimita nimeyasugua hadi yakafa. Yale ya ndani zaidi sikuyafuata. Ukifukuza kila bonde hadi mwisho, unaondoa milimita nzima ya mdomo ili kuokoa nukta moja. Hayo nimeyajaza kwa gundi ya vikopo viwili yenye unga wa alumini ndani yake, si bodi fila ya kawaida. Sharti langu ni moja: kijazo hakizidi milimita moja, na kinakaa mdomo wa nje tu, juu ya madini niliyoyaona kwa macho yangu yakiwa mazima. Mahali tairi linapokalia, mahali rimu inapobana habu, na viti vya bolti havipati kijazo wala rangi nene. Rangi nene chini ya bolti hubanwa, ikapungua, bolti ikabaki imelegea ilhali uliikaza.

Mistari ya brashi ya waya ndiyo iliyonichosha kuliko yote. Ni myembamba lakini imezunguka rimu nzima, na nyaya za chuma huacha vipande vidogo vilivyochomeka ndani ya alumini, vinavyoota kutu nyekundu baadaye. Namba 2 pekee imekula saa nne. Vidole vyangu havina alama tena. Nikienda kusajili laini ya simu watanirudisha.

Jumapili, 7 Julai, Sabasaba

Alumini iliyokwanguliwa hutengeneza oksidi mpya papo hapo, na kadiri saa zinavyopita ndivyo rangi inavyozidi kukosa pa kushika. Kwa hiyo kusugua mara ya mwisho na kupuliza praima, ile rangi ya chini ya kushikia, ni siku moja. Nimeamka alfajiri, nimesugua 320 kwa haraka, nimepangusa kwa thina na kitambaa cheupe hadi kitambaa kikabaki cheupe, nikavaa barakoa ya vichujio vya mkaa, nikapuliza praima ya asidi, koti moja jembamba. Asidi iliyomo hung'ata alumini na kujishikiza. Baada ya hapo praima ya kawaida makoti mawili, ikakaa hadi saa nane mchana, nikaisugua kwa msasa wa maji namba 600.

Barakoa ile si mapambo. Hadina, kile kigumisho kinachochanganywa na klia, ina kemikali zinazoweza kumfanya mtu apate pumu ya maisha, na kitambaa cha pua alichojifunga kijana wa jirani anayepuliza magari hakizuii chochote ila vumbi. Nimempa barakoa yangu ya akiba. Ameining'iniza ukutani.

Rangi ya fedha ilikwenda vizuri. Rangi yenyewe nilioanisha na sehemu iliyokuwa chini ya kifuniko cha nyota katikati, ambako jua halijafika tangu 1983. Ni fedha iliyopoa, karibu ya kijivu, si ile ya kung'aa kama sufuria mpya ambayo duka la rangi lilitaka kunipa mara mbili.

Halafu tamaa. Saa kumi na moja na nusu jioni, upepo wa kusi umetulia, nikaona nimalize na klia kabisa. Makoti mawili. Nikaenda kuswali magharibi. Niliporudi na tochi, rimu mbili kati ya nne zilikuwa na ukungu, kama kioo kilichohemewa. Thina ikikauka haraka hupoza uso wa rangi, na jioni ya pwani hewa imejaa maji. Maji yanatua juu ya klia mbichi na kufungiwa humo. Mafundi huita kuota weupe. Nilijua, nimeshawasikia wakisema.

Jumamosi, 13 Julai

Nimesugua klia ya rimu zote nne, si zile mbili tu, maana rangi moja iliyopulizwa siku mbili tofauti haifanani hata ukiapa. Fedha upya, koti jembamba. Klia nimepuliza saa nne asubuhi, umande umeshaondoka na jua halijawa kali, kwa thina ya kukauka polepole. Nimemwagia maji sakafu ya banda kutuliza vumbi na kuwafungia kuku.

Klia imekaa kama maji kisimani. Kwenye namba 4 kuna mbu mmoja, amekufa akiwa amenyoosha miguu yote. Nitamtoa kwa msasa wa 2000 klia ikishakauka vizuri. Nyuma ya rimu ya Gerezani kuna tone moja lililoteremka. Halionekani isipokuwa ukilala chini ya gari, na anayelala chini ya gari ni mimi.

Jumamosi, 27 Julai

Wiki mbili nimeziacha zikae. Klia huonekana imekauka siku ya pili, lakini ukucha ukiubonyeza unaacha alama. Mashine ya tairi ingeacha zaidi. Leo mbu ametoka, pamesuguliwa 2000 na kung'arishwa, pamebaki kimya.

Shangazi ameichukua namba 3, ameitia udongo na kupanda mrihani. Maji yanatokea kwenye matundu ya bolti. Anasema ndicho chombo cha kwanza kizuri alichopata kutoka kwenye gari hilo.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Kufunga tairi. Saizi ni 195/70 R14, zilezile za zamani, bado zina kashata. Vali za mpira mpya. Fundi yuleyule, safari hii aliyaomba mabomba ya plastiki mwenyewe kabla sijayatoa. Tulibishana mahali pamoja tu: balansi. Alikuwa ameshashika nyundo na kipande cha risasi cha kugonga. Nikamwomba atumie vile vya kubandika, upande wa ndani, penye rangi, ili chuma kisiguse alumini. Akasema vya kubandika vinabanduka. Kweli vinabanduka, kama hukupangusa kwanza. Tukapangusa kwa thina, tukabandika, nikavizungushia alama ya kalamu ili nijue kama vimehama.

Nyumbani, kufunga. Benzi hii haina nati, ina bolti tano kila gurudumu, bega la bolti likiwa la mviringo kama tumbo la kijiko, si la pembe kama la magari mengi ya Kijapani. Za rimu za alumini ni ndefu. Spea yangu ni ya chuma, nyembamba, na bolti zake fupi tano ziko kwenye mfuko ndani ya buti. Ukiifunga spea ya chuma kwa bolti ndefu, ncha zinapita upande wa pili na kugusa vifaa vya breki ya mkono. Mjomba alikuwa ameandika hilo kwa kalamu nyekundu juu ya mfuko. Mwandiko wake haujafifia.

Nimekaza kwa mtindo wa nyota kwa ile spana yenye kipimo, hadi nyutoni-mita 110 kama kitabu cha gari kinavyosema. Viti vya bolti vikavu, bila grisi.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimekwenda Muheza na kurudi, kama kilometa 80 zote, ili bolti zikae nizikaze tena. Usukani umetulia. Vile vya kubandika havikuhama.

Kwenye kukaza mara ya pili, namba 2, spana ya 17 iliteleza. Nilikuwa naongea na jirani. Ukingo wake umekwangua klia na fedha hadi praima, kando ya tundu la tatu, urefu wa milimita nne. Kucha inakwama.

Nimeingia ndani nikachukua daftari: alama ya 33. Rangi ya fedha imebaki kidogo kwenye kopo, na kijiti cha kiberiti kinatosha kuipakia, lakini jioni imeshaingia na hewa ina maji. Kesho saa nne.